Farasi si mkaidi, mgongo ndio unaomuuma

Farasi jike yule alikuwa na jina baya banda zima. Ukimpelekea nyasi alikupokea kwa upole, na ukimsugua shingo alifumba macho kama paka wa jikoni. Lakini akimwona mtu anakuja na tandiko mkononi, aligeuka mnyama mwingine. Masikio yalilala nyuma, mkia ukapiga mbavu, na mshipi ulipoanza kukazwa chini ya kifua alizungusha kichwa kutafuta mkono wa kuuma.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nje kidogo ya Nairobi, kwenye uwanja mdogo ambako vijana hufundishwa kupanda farasi. Binti wa miaka kama kumi na mitano alikuwa amesimama kando, kofia ngumu kichwani, machozi yanamlengalenga.

"Mzee, huyu ana kichwa kigumu," alimwambia saisi, mtunza farasi aliyeota mvi katika kazi hiyo. "Jana kaniangusha mara mbili."

Mzee hakujibu. Alilegeza mshipi, akaliinua tandiko na kuliweka juu ya ua. Kisha akaweka vidole viwili mgongoni mwa farasi, nyuma kidogo ya bega, akavivuta taratibu kuelekea kiunoni huku akikandamiza. Alipofika mahali fulani ngozi ilitetemeka kama ya ng'ombe anayefukuza nzi, na mgongo mzima ukabonyea. Akarudia. Ukabonyea tena. Upande wa pili, usawa ule ule, palikuwa na nywele nyeupe chache, upana wa sarafu, katikati ya manyoya ya hudhurungi.

"Mwanangu," alisema, "kichwa chake hakina neno. Mgongo ndio unaomuuma."

Waswahili tuna methali inayombebesha mnyama lawama yote: shukrani ya punda ni mateke. Tunaitumia kwa binadamu asiye na fadhila, na kwa binadamu inakubalika. Asubuhi ile nilijiuliza kama yupo aliyewahi kumkagua punda mgongo kabla ya kumhukumu. Makala haya yanamhusu farasi na tandiko lake, na hoja yangu ni moja: mnyama wa kupandwa anapouma, kupiga teke au kukataa kwenda, mara nyingi analalamika, na mahali pa kwanza pa kulitafuta lalamiko lake ni chini ya tandiko.

Mgongo haukuumbwa kuwa kiti

Farasi ana pingili 18 za uti wa mgongo zinazobeba mbavu, jozi 18. Nyuma yake kuna pingili za kiuno, kwa kawaida sita, ambazo hazina mbavu wala nguzo yoyote chini yake. Kwa hiyo sehemu inayoweza kubeba mtu ni fupi kuliko inavyoonekana kwa macho. Inaanzia nyuma ya bega na kuishia kwenye ubavu wa mwisho. Hata hapo uzito hautakiwi kugusa uti wenyewe. Unatakiwa kulala juu ya misuli miwili mirefu inayopita kulia na kushoto kwake. Mgiriki Xenophon, aliyeandika juu ya upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, enzi ambayo watu wake hawakuwa na tandiko lenye kiunzi kigumu ndani yake, tayari alishauri mnunuzi achague farasi mwenye nyama zilizojaa pande mbili za uti. Alijua kuwa mgongo wa hivyo ni mzuri kwa anayeukalia.

Mbele kuna mtihani mwingine. Pale shingo inapokutana na mgongo pameinuka kama kituta, na chini ya ngozi yake nyembamba imesimama mifupa mirefu ya pingili. Chochote kikikandamiza hapo kinakandamiza mfupa. Kando ya kituta hicho ndipo yanapokaa makombe ya mabega. Farasi hana mtulinga kama sisi. Miguu yake ya mbele imeshikwa na mwili kwa misuli na kano tu. Kila anapotupa mguu mbele, sehemu ya juu ya kombe la bega huteleza kurudi nyuma. Tandiko likikaa mbele mno, au likiwa jembamba, kombe hilo hujigonga kwenye kiunzi hatua kwa hatua, maelfu ya hatua kwa siku moja. Farasi hujifunza haraka kufupisha hatua zake, na mpandaji husema farasi amekuwa mvivu.

Halafu kuna uzito. Farasi akitembea, nguvu inayogandamiza mgongo wake inakaribiana na uzito wa mpandaji. Akianza mbio za polepole nguvu hiyo hupita mara mbili ya uzito huo, na akipiga shoti huzidi hapo. Mtu wa kilo 70 anakuwa mzigo wa kilo zaidi ya 140 kila kwato zinapokanyaga. Tandiko zuri huutandaza mzigo huo kwenye eneo pana. Tandiko baya huukusanya mahali padogo kama kiganja.

Muuguzi yeyote anajua kinachofuata. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache kwa sababu nyama inayokandamizwa kwenye mfupa bila kuachiwa hukosa damu, na nyama isiyo na damu hufa. Vidonda vya tandiko havina tofauti na vile vya kitandani. Huanza ndani, ngozi ikiwa bado nzima. Baadaye seli zinazotia nywele rangi huharibika, na nywele huota nyeupe. Misuli nayo husinyaa, na nyuma ya mabega hutokea mashimo mawili. Anayeziona nywele nyeupe zile anasoma historia, kwa maana maumivu yalitangulia kitambo.

Tandiko hukosea kwa namna nyingi

Kiunzi kikiwa chembamba, ncha zake za mbele huchoma pande zote mbili za kituta. Kikiwa kipana kupita kiasi, tandiko hushuka na kukalia mfupa. Kuna tandiko linalogusa mbele na nyuma huku katikati likiwa hewani mithili ya daraja, uzito wote ukaenda kwenye nguzo mbili. Kuna lile lenye mito iliyoviringana mno, likagusa katikati na kubembea mbele na nyuma kila farasi anapopiga hatua. Kuna refu linalopita ubavu wa mwisho na kukalia kiuno. Na kuna lililojazwa sufu vibaya, upande mmoja umenenepa na mwingine umekonda, nalo humlaza mpandaji upande bila mwenyewe kutambua.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kuongeza nguo nene chini ya tandiko. Panapokuwa na nafasi ya ziada, inaweza kusaidia kwa muda. Lakini kwa tandiko linalobana ni sawa na kumwambia mwenye kiatu kidogo avae soksi mbili.

Tatizo jingine ni kwamba tandiko halibadiliki lakini mgongo hubadilika. Farasi hunenepa msimu wa majani mabichi na kukonda wakati wa ukame. Mdogo hukua, mzee hushuka mgongo, na anayefanya kazi nyingi hujenga misuli ambayo hakuwa nayo. Tandiko lililomkaa vizuri mwaka jana linaweza kuwa adui yake mwaka huu.

Lugha ya asiye na ulimi

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Farasi hana maneno ya kutueleza, na kibaya zaidi ameumbwa kuficha. Kwa asili ni mnyama wa kuwindwa, na mawindo yanayoonyesha udhaifu ndiyo yanayoliwa kwanza. Anapofikia kuuma au kutupa mtu, kwa kawaida amekwisha kunong'ona kwa muda mrefu bila kusikilizwa.

Minong'ono yenyewe ni hii. Anasogea pembeni akiona tandiko linakuja. Anajaza pumzi mshipi unapokazwa. Anasaga meno. Mpandaji akikaa, anaubonyeza mgongo na kuinua kichwa juu. Anajikwaa kwenye ardhi tambarare. Anakubali kugeuka kulia na kukataa kushoto. Anasita kwenye mteremko, kwa sababu hapo tandiko humsukuma mabega. Aliyekuwa akiruka vizuizi kwa furaha anasimama ghafla mbele yavyo. Baada ya hayo ndipo zinakuja kelele: kutimka bila kushikika, kusimama kwa miguu ya nyuma, kurusha mateke.

Na wapo wasiopiga kelele kabisa. Hawa ndio wa kuhurumiwa zaidi. Wamekata tamaa, wanakwenda macho yamezubaa, na watu huwasifu kwa utulivu wao.

Nchini Uingereza, daktari wa mifugo Sue Dyson alifanya kazi kwa miaka mingi mjini Newmarket, mji unaoishi kwa mbio za farasi, akichunguza farasi wanaochechemea. Yeye na wenzake walikusanya tabia 24 zinazoweza kuonekana farasi akiwa amepandwa na kuzichapisha mwaka 2018 kama kipimo cha maumivu. Miongoni mwake ni masikio kulala nyuma kwa sekunde kadhaa mfululizo, weupe wa jicho kuonekana, macho kukodolea mbali, mdomo kufunguka mara kwa mara, ulimi kutoka nje, na mkia kupiga huku na huku. Tabia moja peke yake haithibitishi kitu. Zikifika nane au zaidi, uwezekano kwamba farasi ana maumivu ya misuli, mifupa au viungo ni mkubwa. Nyingi kati ya hizo ndizo ambazo walimu na wapandaji wa vizazi vingi waliziita ukorofi, na dawa yake ilikuwa fimbo.

Vita vilivyotufundisha kwa gharama

Majeshi yaliujua mapema ukweli kwamba tandiko huumiza mgongo, na kuusahau mara nyingi. Daktari wa mifugo wa jeshi la Uingereza, Frederick Smith, aliandika kitabu kizima kuhusu matandiko na vidonda vya mgongo mwaka 1891. Miaka minane baadaye vikazuka vita vya Afrika Kusini kati ya Waingereza na Makaburu, 1899 hadi 1902. Farasi waliletwa kwa meli kutoka mabara ya mbali, wakashushwa wamechoka na kupelekwa vitani bila mapumziko ya kutosha. Kila mmoja alibeba askari, bunduki, risasi, blanketi na chakula, mzigo wa zaidi ya kilo 100. Kufikia mwisho wa vita, zaidi ya farasi 300,000 wa upande wa Waingereza walikuwa wamekufa.

Wengi waliuawa na njaa, uchovu na magonjwa. Lakini njaa na tandiko vilishirikiana. Farasi aliyetoka kwao amenona alitandikwa kwa kipimo cha unono wake. Wiki chache baadaye misuli imekwisha, mbavu zinahesabika, na tandiko ni lile lile. Kiunzi kilishuka kikakaa juu ya mfupa. Askari asiyeshuka kutembea wala kuulegeza mshipi alimaliza siku akiwa juu ya kidonda.

Fundisho hilo linaonyesha thamani ya kazi ya fundi wa kupima matandiko. Mji wa Walsall, katikati ya Uingereza, umeishi kwa ufundi wa ngozi kiasi kwamba timu yake ya soka ina jina la utani la Watengeneza Matandiko. Chama cha mafundi hao, Society of Master Saddlers, kilichoanzishwa mwaka 1966, kinawafunza watu kumpima farasi mgongo kama fundi cherehani anavyompima mtu wa suti: amesimama, anatembea, na akiwa na mpandaji juu yake. Siku hizi kuna hata mkeka mwembamba wenye vihisio unaowekwa chini ya tandiko na kuonyesha kwenye kompyuta mahali panapobanwa.

Tandiko nalo husingiziwa

Haki lazima itendeke pande zote. Si kila farasi anayeruka anaumwa na tandiko. Jino lenye ncha kali linalogongana na lijamu, vidonda vya tumbo, kwato zilizokatwa vibaya, mpandaji anayekaa upande: yote hayo yanaweza kuleta tabia ile ile.

Kuna jambo moja ambalo Dyson na mtafiti mwenzake Line Greve waliliweka wazi, na linastahili kujulikana na kila mwenye farasi. Tandiko linapoteleza upande mmoja siku zote, wengi hulilaumu tandiko lenyewe. Walipowachunguza farasi wa namna hiyo, waligundua kwamba mara nyingi chanzo kilikuwa mguu wa nyuma wenye maumivu, wakati mwingine madogo kiasi cha kutoonekana kirahisi. Mguu ulipotiwa ganzi, tandiko lilirudi katikati. Kwa hiyo uchunguzi uanze kwenye tandiko lakini usiishie hapo. Daktari wa mifugo aitwe kabla ya kununua tandiko jipya, na vilevile kabla ya kumuuza farasi kwa bei ya hasara kwa sababu eti ameharibika.

Mkono wako ndio kipimo cha kwanza

Fundi wa kupima matandiko ni adimu katika nchi zetu, lakini mkono kila mtu anao. Mzee saisi alimwonyesha yule binti, nami nikaandika.

Liweke tandiko bila nguo yoyote chini yake, mbele kidogo ya mahali pake, kisha lisukume nyuma hadi likwame lenyewe nyuma ya kombe la bega. Hapo ndipo linapotaka kukaa. Simama nyuma ya farasi, kwa umbali salama, uchungulie mfereji wa katikati: uone mwanga hadi upande wa pili, na mfereji uwe na upana wa vidole vitatu au vinne kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpandaji akiwa juu, kati ya kituta na ukingo wa mbele wa tandiko pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu.

Kisha pitisha kiganja chini ya tandiko, kuanzia juu ya bega kushuka chini. Mkono usibanwe popote kuliko pengine. Upitishe katikati pia. Ukikuta uwazi, lile ni daraja. Tafuta ubavu wa mwisho kwa vidole, uufuate kupanda juu, na mito ya tandiko isiuvuke.

Ukimaliza safari, vua tandiko usome jasho. Manyoya yaliyolowa sawasawa pande zote ni dalili njema. Baka kavu lililozungukwa na maji ni onyo kwamba huenda hapo pamekandamizwa kupita kiasi. Siku ya pili, kabla ya kutandika, pitisha vidole mgongoni kama alivyofanya mzee. Ikiwa fundi yuko mbali, kunja waya laini kufuata umbo la mgongo nyuma ya bega, uuchore kwenye boksi la karatasi ngumu na kuandika tarehe. Rudia baada ya miezi mitatu. Boksi hilo litakuonyesha mabadiliko ambayo jicho la kila siku haliyaoni.

Turudi kwa punda

Msomaji anaweza kusema farasi ni wa matajiri wa mbio za Ngong, au wa kikosi cha mbwa na farasi cha polisi wa Tanzania, hivyo hayamhusu. Ndorobo na maradhi viliwafanya farasi kuwa wachache kwetu tangu zamani, ni kweli. Lakini mgongo wa punda tumeutumia kwa karne nyingi, nao una kanuni zile zile.

Katika mji wa Lamu, ambako vichochoro haviruhusu gari, mchanga, mawe na saruji hupita juu ya punda. Shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilifungua kliniki ya bure ya punda huko mwaka 1987. Bara, punda wa kuteka maji na wa mkokoteni hufungwa kamba tupu za nailoni zinazokata ngozi, au huvalishwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu ya kuizuia nira. Punda hana, nguvu zake ziko kifuani na mabegani, na anahitaji mkanda mpana wa kifua, laini, usiopanda kwenye koo. Gunia lililokunjwa vizuri na kushonwa mito miwili, kulia na kushoto, likiacha uti wa mgongo katikati bila kuguswa, ni tandiko la heshima na gharama yake ni ndogo mno. Halafu tunashangaa punda akirusha teke!

Yule farasi jike alipumzishwa wiki sita, akapatiwa tandiko lenye kiunzi kipana zaidi. Niliporudi, binti yule alikuwa anamzungusha uwanjani taratibu, hatamu zimelegea, masikio ya farasi yanacheza mbele na nyuma kumsikiliza. Hata hivyo, mshipi ulipokazwa bado aligeuza kichwa. Hakuuma, aligeuza tu na kutazama. Maumivu yakiondoka mwilini, kumbukumbu hubaki nyuma, na kuifuta kunahitaji subira kuliko kulibadilisha tandiko.

Basi, ewe mwenye farasi, mwenye punda, au mwenye mtoto anayejifunza kupanda: siku mnyama wako atakapokukatalia, iweke fimbo chini. Fungua mshipi, vua tandiko, pitisha vidole mgongoni, na umsikilize kabla hujamhukumu.